Wa Kwetu Nawajua

Nafasi ilikuwa moja tu: kanisa lingemlipia mtoto mmoja wa kijijini asome katika shule yetu ya mchepuo wa Kiingereza, hapa Nyahanga. Mimi na Ngassa, mwalimu wa taaluma, ndio tuliopewa kazi ya kuwasaili waombaji.

Limi alikuja na mama yake kutoka vijiji vya Ushirombo. Aliingia, akapiga magoti, akatuamkia, akabaki ameinamisha macho. Kwao ndiyo adabu: binti hamkodolei mkubwa macho. Ngassa akamwamuru kwa Kiingereza amtazame usoni. Mtoto akazidi kuinama.

Ngassa akafunika kalamu. "Tumemaliza. Wasukuma wa porini hawa, Madam Ritha. Ng'ombe wanawajua, Kiingereza hapana."

"Hujamuuliza hata swali, mwalimu!"

"Mimi mwenyewe Msukuma. Wa kwetu nawajua. Wewe wa Songea utanifundisha?"

Nikamgeuza mtoto atazame dirishani, nikamwambia asimulie jinsi mama yake anavyotengeneza michembe. Basi akafunguka! Viazi vimeanikwa juu ya mwamba, mbuzi wanavinyemelea, bibi anawakimbiza huku akiwatukana mpaka baba zao, yote kwa Kiingereza kilichonyooka. Nilicheka hadi machozi.

"Amekaririshwa," akasema Ngassa.

Nani akaririshe matusi ya mbuzi? Nilibisha sana. Mkuu wa shule akaitwa, akatusikiliza wote wawili, akamwamini Ngassa. Si ndiye mwenyeji?

Ngassa akatoka nje kwa mama. Alizungumza kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulioniuma kuliko yote. Alisema mtoto ana heshima sana, ila Kiingereza hakikai katika vichwa vya kwetu, asimtese bure.

Mama Limi akapiga magoti. "Wabeja, asante baba. Angesema mgeni, nisingekubali. Umesema wewe wa kwetu, nimeelewa."

Limi alikuwa amesimama ubavuni mwa mama yake, anasikia kila neno.

Niliwafuata getini. Nikamuuliza Limi kwa Kiingereza, taratibu, kama wamepata gari la kuwarudisha nyumbani.

Akamtazama mama yake kwanza, kisha akanijibu kwa Kiswahili.

"Nisamehe, madam. Mimi Kiingereza sijui."