Kitambulisho cha Wino

Alasiri ya Jumanne mchoraji alikuwa akimchora kunguru aliyemwokota amekufa nyuma ya karakana ya baiskeli. Alimlaza juu ya gazeti, na kwa kalamu ya nibu akawa anamwotesha uyoga kati ya mbavu. Ndiyo kazi iliyomlisha: mafuvu yenye majani, mizoga yenye maua. Mistari aliichora kwa wino mweusi, kisha akaipitisha karatasi kwenye skana na kuitia rangi kwa kompyuta. Mama yake aliona afadhali angechora mbuzi wazima, lakini picha zilinunuliwa, naye akaacha kusema.

Mdogo wake wa kiume akaingia bila kubisha hodi. Miezi minne ilikuwa imepita tangu aende zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha ngozi asirudi. Maji ya kijani yalimchuruzika vidoleni. Begani alikuwa ameota kuvu, na kwenye mbavu za kushoto mzizi ulikuwa umejisokota kama kamba ya ndoo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ulitumbukia shimo lipi la dawa ya ngozi?"

"La tatu. Ubao wa kuvukia ulivunjika."

Dada alimtandikia gazeti kitini, akamsogeza kunguru kando, akachukua karatasi mpya. Huku akichorwa, mdogo mtu alieleza kwamba ubao ule ulikuwa umeoza, na wafanyakazi walishalalamika mara mbili. Alipozama, msimamizi aliwaambia wenzake wakanywe chai. Waliporudi, shimo lilikuwa limefunikwa. Kesho yake jina lake lilibandikwa getini chini ya neno WATORO, na tangu siku hiyo mama yao alikwenda sokoni kwa njia ya kuzunguka.

Rangi ilisumbua kidogo. Kila aliyoichagua mchoraji kwa ajili ya mapafu iligeuka kijani cha shimo la tatu. Alijaribu nyekundu mara nne, kisha akaiacha ilivyotaka.

Asubuhi wakaenda kiwandani watatu: mama, mchoraji na mdogo wake. Meneja aliitazama picha kwa muda, akasema dawa ile ni yao hasa, hata povu limetoka sawasawa. Mama alisema hakuja kushtaki. Alitaka jina litolewe kwenye orodha ya watoro, na iandikwe kwamba mwanawe alifia kazini, ili naye amlilie kama mama wengine wanavyolia.

Karani, binti mwenye adabu, alifungua jalada.

"Pole sana, mama. Lakini marehemu si ndiye huyu aliyekaa hapa?"

"Ndiye."

"Basi hatuwezi kuandika amekufa. Tutaandika amerudi."

Meneja aliongeza kwamba utoro wa miezi minne adhabu yake ni kufukuzwa, ila na yeye ni mzazi, atamsamehe. Kijana hakuwahi kumkatalia mtu jambo tangu utotoni. Nyumbani walimwita Bwana Haya. Akasema haya. Mama akamshika mkono, na maji ya kijani yakamwingia mama kwenye mikunjo ya kanga.

Kilibaki kitambulisho. Walimpiga picha mara tatu, na mara zote kikatoka kiti peke yake. Ikabidi mchoro wa dada upunguzwe hadi ukubwa wa kiberiti na kufunikwa kwa plastiki.

Jumatatu alianza kazi kwenye shimo lilelile. Dawa haikumwasha tena wala kumkohoza, na msimamizi hakuchelewa kuliona hilo. Mwezi uliofuata idara ile haikuagiza glavu wala barakoa.

Kisha wakaja wengine. Mmoja alitoka kwenye tanuri, wawili shimo la kwanza, na mama mmoja wa ghala ambaye nywele zake zilikuwa kuvu tupu. Walikaa kwenye benchi la mchoraji kwa kufuata tarehe walizokufa, wakipishana kwa heshima. Meneja alituma barua: kazi ni nzuri, aendelee, ila kuanzia sasa wachorwe wakitabasamu.

Mchoraji alichovya nibu. Aliyekuwa mbele hakuwa na taya ya chini. Mahali pake palikuwa pameota majani membamba. Kwa ishara ya mkono akauliza atabasamu vipi.

"Kaza macho tu, kaka," mchoraji akamwambia. "Hawaangalii sana."