Usije Stendi

Binti yangu alikuwa amenikataza kabisa: nisije stendi. Alisema akiniona hatapanda basi, na kazi aliyoipata huko mbali itakwenda na maji. Nikamwitikia vizuri, nikamfungia mizigo, nikamwacha atoke na shangazi yake. Hawajafika hata mwisho wa mtaa, nami nimeshashika ufunguo wa gari. Nilitaka kumwona tu, kwa mbali, nimejibanza nyuma ya vibanda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Gari likanizimikia kwenye kona ya barabara kuu, likaserereka mpaka pua ikaingia mtaroni. Nikawapigia watu wa kuvuta magari. Dada aliyepokea alikuwa na sauti ya asali na maswali ya polisi: gari aina gani, lina gia za mkono au otomatiki, magurudumu yanazunguka, kuna aliyeumia. Aliponiuliza niko wapi, nikamwambia pale penye duka la magodoro. Akasema kwenye ramani haoni duka la magodoro. Nikamwambia hawezi kuliona, lilibomolewa kabla yeye hajaota meno.

Mwana wa watu akavumilia. Akaniuliza naona nini mbele yangu, nikamtajia mnara wa simu na ukuta wa shule, akanipata. Akaniagiza nikae nje ya gari, mbali na barabara, na nisikubali kuvutwa na mpita njia yeyote. Kisha akaniambia subira huvuta heri. Nikamjibu kwamba leo mimi nataka ivute gari kwanza.

Saa ya basi ikafika nikiwa nimesimama pale kama kigingi. Nilikuwa nimemkosa.

Dereva wa lori la kuvuta alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na maneno machache. Alitazama leseni yangu, akahakikisha gari ni langu, akasema safari yangu itakuwa mbele pamoja naye, si ndani ya gari langu. Kwa vile pua ilikuwa mtaroni, ilibidi alikingamishe lori katikati ya barabara na kusimamisha magari pande zote mbili. Akapanga koni, akafunga waya. Hakuniuliza kitu, lakini nilimweleza yote. Mtu mwenye jambo rohoni hasubiri kuulizwa.

Gari lilikuwa limeanza kupanda mgongoni mwa lori nilipoliona basi lake kwenye foleni, la pili kutoka mbele.

Alikaa dirishani. Paji la uso kaliegemeza kwenye kioo, analia mdomo wazi, kama siku ya kwanza nilipomwacha shuleni. Shangazi yake alikuwa amebaki stendi; mwanangu hakuwa na wa kumfuta machozi. Hakuniona.

Dereva akafuata macho yangu. Akauzima mtambo wa waya.

"Nenda ukamuage, mama. Hawa nitawashikilia. Watapiga honi mpaka wachoke."

Nilimtamani mwanangu mpaka mikono ikaniwasha. Palikuwa karibu, angesikia hata nikimwita kwa sauti ya kawaida. Na angeshuka. Angeshuka na mabegi yake, nami ningempokea, Mungu shahidi yangu, nisingemrudisha.

Nikazunguka nyuma ya lori, nikachutama kando ya tairi, nikajifunika uso kwa mtandio.

"Maliza upesi, kaka," nikamwambia. "Wafungulie njia."