Watu wa Karatasi Milangoni

Mama mwenzangu, mwanao akibandika kitu mlangoni kwa watu, sema siku hiyo hiyo. Mimi sikusema.

Ilikuwa mwaka wa sitini na mbili, hapa Magogoni. Kila mtu akiuliza uhuru ukija nani atabaki na nani atafukuzwa viwanjani. Mume wangu Nassor alikuwa msimamizi wa shamba la mwenye ardhi, kwa hivyo wengine walituangalia kwa jicho la pembeni.

Binti yetu Tumu alikuwa na miaka kumi. Ami yake, Khatibu, alikuwa akisafisha meli, akamletea vitabu vya picha vilivyoachwa na mabaharia: watu wenye barakoa usoni na majoho mgongoni, wanaruka angani kuokoa wanyonge. Tumu akachukua mkasi wangu na mifuko mitupu ya simiti, akawakata watu hao mmoja mmoja, macho matundu, majoho yanapepea. Wallahi, niliusifu mkono wake.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, akawabandika kwa uji wa unga kwenye milango ya aliowapenda: wetu, wa Bi Zubeda, na wa Kanze, jirani yetu Mgiriama aliyezoea kumpa mihogo.

"Tumu, hawa wa nini?"

"Abee, mama. Walinzi."

Nikambandua wa kwetu, kwa kuona haya tu. Wa wenzangu nikawaacha.

Alasiri Bi Zubeda akaja, buibui limemkaa upande.

"Umeziona alama? Nyumba yenye mtu yule haitauona uhuru. Wangu nimemsugua kwa maji moto."

"Labda ni watoto, Bi Zubeda."

"Watoto gani wanakata mtu asiye na macho? Na kwenu mbona hamna? Au nyinyi mna bahati yenu?"

Ningesema ni Tumu, wangesema Nassor ndiye aliyemtuma.

Kanze hakumgusa wake. "Kitu usichokijua hakiguswi," alisema, akawa anaingia kwa mlango wa uani.

Jumatatu asubuhi kukawa na mtu wa karatasi wa pili mlangoni kwake. Nikamwita Tumu. Akampitisha kidole ukingoni.

"Huyu si wangu, mama. Amekatwa kwa wembe. Na wangu hawashiki panga."

Nikazunguka uani kwa Kanze, nikamweleza yote. Alikuwa anafunga godoro, na mumewe Ngowa anang'oa bawaba za mlango.

"Huyo wa kwanza nimekuelewa, Mama Tumu," Kanze akasema. "Huyu wa pili je?"

Nikamshikia kamba ya godoro.

"Ungesema Ijumaa," Ngowa akasema, "tungecheka sote. Na huyu wa wembe asingepata pa kuanzia."

Wakaondoka adhuhuri. Jumatano nyumba yao ikaungua, tupu.

Aliyemkata yule wa pili sijamjua mpaka leo. Lakini hakuna mwingine aliyehama. Ni mmoja wa hawa ninaoamkiana nao kila siku kisimani, naye ananiuliza watoto hawajambo.