Trei za Wageni

Kuna nyumba ambazo sahani nzuri hukaa kabatini zikimsubiri mgeni, na wenye nyumba wanakula kwenye vibakuli vilivyomeguka. Hayo ni yao, na hakuna aliyewahi kufa kwa kula kwenye kibakuli kibovu. Lakini mtu mzima, mwenye akili zake na funguo zake, anapoupeleka utaratibu huo kwenye ghala la kemikali, mtu huyo ana lake jambo.

Trei zenyewe zilikuwa za plastiki ya manjano, pana, kingo zimenyanyuka kama za beseni. Kazi yake ilikuwa moja tu: kukaa kwenye rafu chini ya madumu, ili dumu likivuja, kinachovuja kiishie humo kisimwagikie aliye chini. Meneja wa ghala alilijua hilo vizuri. Tatizo, roho ilimuuma kuona kitu kipya kinachafuka, ndiyo maana wafanyakazi walimwita Bwana Nadhifu akishawapa mgongo. Trei zilikaa ofisini kwake, zimefunikwa nailoni, mlango umefungwa. Wakaguzi wakija, zilitolewa na kupangwa rafuni zikimeremeta. Wakaguzi wakishaaga, zilipanguswa zikarudishwa ndani.

Dereva wa foklifti, mama mmoja ambaye foklifti yake ilikuwa na breki lakini mdomo wake hauna, alikuwa amelisema jambo hili mpaka midomo ikamkauka.

"Mama, madumu yetu ni mazima," Bwana Nadhifu alimjibu siku moja. "Likivuja moja, nitazitoa."

"Likishavuja utakuwa unazitoa za nini?"

"Wewe endesha foklifti yako."

Basi likavuja. Na kati ya watu wote wa ghala lile, likamvujia wifi wa dereva, mdogo wa mumewe, ambaye dereva mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi ya usafi na kumshika mkono hadi getini siku ya kwanza. Wifi alikuwa ameinama anafuta rafu ya chini. Juu yake dumu la asidi ya kutolea kutu lilikuwa limepasuka kitako. Asidi ikapita kwenye matundu ya rafu ikamdondokea shingoni na begani.

Dereva aliruka kutoka kwenye foklifti, akamburuta hadi bombani, akamchania ovaroli na kumwagia maji bila kukoma huku wifi akilia na kumwita mama yake. Bwana Nadhifu naye alitimua mbio kuelekea ofisini. Kila mtu alidhani kafuata trei, angalau moja. Akarudi na ndoo kuukuu ya rangi, akaiweka chini ya dumu, akarudi nyuma kidogo kuangalia kama imekaa sawa.

"Trei zingeharibika," alisema, uso mkavu.

Dereva aliendelea kummwagia wifi maji. Lakini maneno yale yalimkata maini kuliko kelele za wifi yake.

Nyumbani, wifi alilala kifudifudi, bega na shingo vimefungwa bandeji. Alimshika dereva mkono. "Wifi, nakuomba, wakija watu wa usalama kazini usiseme kitu. Unga wangu utamwagika. Watoto nitawalisha nini?"

"Hata hili tulinyamazie?"

"Nyamaza kwa ajili yangu."

Akanyamaza. Afisa wa usalama alipokuja ghalani, trei zilikuwa zimeshapangwa, zinang'aa kuliko meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Afisa alipapasa ukingo wa moja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bwana Nadhifu akamweleza, kwa sauti ya msibani, kwamba ilikuwa bahati mbaya tu, ile trei ya pale ilikuwa imetolewa kidogo kuoshwa. Dereva alikuwa hatua chache kutoka hapo, ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Alimeza kila neno lililomjia, na yalikuja mengi, mengine ya matusi.

Gari la afisa lilipotoka getini, Bwana Nadhifu alipangusa mikono. "Haya mama, zishushe. Zipanguswe vizuri zirudi ofisini."

"Jumatatu wifi yangu anarudi kazini. Palepale chini ya madumu."

"Ndiyo, najua. Mwambie avae koti la mvua."

Hapo dereva akapandwa na mori. Koti la mvua! Binadamu ajikinge na asidi kwa koti la mvua, ili plastiki ikae ndani isipate doa. Alimwahidi wifi yake kwamba hatasema kitu, na kweli hakusema. Alikwenda kwenye kona ya mafundi, akachukua dumu la oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, nyeusi tii, akachukua na tambara. Akapanda ngazi. Trei ya kwanza akaimiminia kidogo, akaipaka yote, kingo na kitako. Ya pili hivyo hivyo. Wapakiaji waliacha kupakia. Mmoja wao, bila kuulizwa, akaja kumshikia ngazi.

Bwana Nadhifu alipotoka ofisini alisimama katikati ya njia, mdomo wazi.

"Umefanya nini?"

"Nimezitumia."

"Wageni wakija wataona nini?"

"Wataona zina kazi."

Ziliposuguliwa zikasuguliwa tena, doa likagoma kutoka, na Bwana Nadhifu hakuwa tayari kuingiza uchafu ule kwenye zulia la ofisi yake. Zikabaki rafuni. Dereva akanyang'anywa foklifti, akatupwa kwenye kubeba maboksi kwa mikono mpaka atakapoambiwa vinginevyo. Mgongo ulimuuma kweli, na alilaani kwa sauti kila alipoinua boksi.

Wifi alirudi Jumatatu, bandeji ikichungulia kwenye kola. Siku za kwanza alifuta rafu ile huku shingo kaikunja. Kisha asubuhi moja dereva, akipita na boksi lake, alimkuta amesimama wima, hapumui. Juu kulikuwa na sauti ndogo: to, to, to.

Dereva alitua boksi, akapanda rafu kutazama. Dumu lilikuwa limepasuka kitako, kama lile la kwanza. Tone lilianguka kwenye trei, likatulia kwenye ule weusi wa oili, na jingine likafuata. Chini ya trei, kukavu.

"Limeishia humu," alimwambia. "Hakuna kinachopita."

Wifi alitazama juu kwa muda mrefu. Alipeleka mkono shingoni, pale ambapo ngozi haitarudi tena kuwa ilivyokuwa, na machozi yakamtoka kwa hasira.

"Kumbe ni hivi tu, wifi?" alisema. "Ilikuwa ni hivi tu?"