Mahdi Wawili

Sundus alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kuondoka kwa usingizi. Alikuwa amesoma mpaka herufi zikaanza kumchukia. Shahada ya uzamili, hifadhidata za hali ya juu, chuoni Mombasa; akija kwao Amu watu humuuliza, "Wasoma nini?" naye hujibu, "Kompyuta," kisha hurushiwa simu mbovu za mtaa mzima azitengeneze. Angewaelezaje? Kwamba kuna watu wazima na akili zao wanaobishana jinsi mashine itakavyojua kuwa majina mawili ni ya mtu mmoja? Wangemsomea Yasini.

Na kazi yake ilikuwa hiyo hasa. Alipewa rekodi za zahanati za kina mama, za Amu na za visiwa vya jirani, za miaka na miaka, zilizochapwa na makarani tofauti na kila mmoja na yake. Mama kajifungulia Ndau kaandikwa Zulekha, kaja Amu na homa kaandikwa Zuleikha, mashine ikadhani ni wanawake wawili. Sundus alitunga programu ya kuwakutanisha watu na nafsi zao, kila mtu abaki mara moja tu. Siku hiyo, magharibi ikiingia, muda wa kuipeleka chuoni ungekwisha. Akipeleka, anahitimu na wenzake. Asipopeleka, mwaka mzima unamngoja, na mwaka mwingine wa namna ile, wallahi, hakuwa nao mwilini.

Alasiri ile stima ilikuwa imepotea kama kawaida yake, feni imenyamaza, kompyuta inakula betri. Mamake, Bi Radhiya, akaingia na birika la chai na mkate wa mofa.

"Mato yako yamekuwa mekundu, mwanangu. Lini yatakwisha haya?"

"Yamekwisha, mama. Leo napeleka."

"Alhamdulillahi." Akaketi kitandani, akaitazama kompyuta kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani. "Na mimi nimo humo?"

Sundus akacheka, mara ya kwanza tangu juma lile lianze. Alikuwamo, bila shaka. Wanawe wote aliwazaa hapo zahanati. Akaandika jina la mamake, rekodi ikajitokeza, akamsomea kwa majivuno kidogo: "Radhiya, mkewe Gharib. Watoto wawili: Mahdi na Sundus."

"Watatu," Bi Radhiya akasema.

"Mama, si tuko wawili?"

"Mlio hai ni wawili. Niliowazaa ni watatu."

Sundus alijua. Ndiyo balaa yenyewe, alijua! Toka utotoni alisikia kwamba palikuwa na Mahdi wa kwanza, aliyekufa hata meno hayajamwota. Alipozaliwa mvulana mwingine, babu yao, Mahdi mkubwa, alikuwa angali hai, na jina lake halikuweza kuachwa lizikwe na kichanga. Mtoto akapewa lilelile. Nyumba ngapi Amu zimefanya hivyo! Lakini siku Dakta Crispus, msimamizi wake, alipouliza, "Mzazi gani atawapa watoto wawili jina moja?" yeye, binti wa Amu, alitikisa kichwa akacheka naye. Akaandika kanuni: mama mmoja, baba mmoja, jina moja, basi ni mtoto mmoja, tarehe za kuzaliwa zikitofautiana, karani kakosea. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na Sundus alikuwa ameivaa na kujizungusha nayo mbele ya maprofesa.

"Umemfuta?" mamake akauliza.

"Sikumfuta, mama. Nimemuunganisha."

"Na nani?"

"Na Mahdi."

"Mahdi yuko Manda, angoja wageni wa ndege awabebee mizigo. Yule wa kwanda yuko makaburini." Sauti haikupanda, na hilo ndilo lililomchoma Sundus. Angefoka ingekuwa nafuu. "Hana picha. Hana cheti. Mimi na babako tukifa, hakuna ayuwaye kuwa alikuwako. Aliandikwa mahali pamoya tu duniani, na aliyemuondoa ni mwanangu mwenyewe."

Akainuka kwenda kusali. Chai ikabaki ikipoa.

Sundus alilia kidogo, kwa hasira kuliko huzuni, kisha akafanya wanalofanya watu waliochoka: akatafuta njia ya mkato. Akaingia kwenye rekodi kwa mkono wake, akawatenganisha Mahdi wawili. Kazi ndogo tu. Nani angejua? Asilimia za usahihi hazikutikisika, na Dakta Crispus angezisifu vilevile. Betri bado ilikuwapo, mtandao upo, kilichobaki ni kubonyeza.

"Nimemrudisha, mama," akasema Bi Radhiya aliporudi na leso yake ya kusalia kichwani. Akamwonyesha: watatu.

Bi Radhiya akaligusa lile jina la juu kwa kidole, akalisoma polepole. "Mola akubariki." Kisha akamgeukia. "Na wa Bi Hadil, hapo jirani?"

Sundus akaondoa kidole kwenye kitufe.

"Na wa Sumeiya, mke wa fundi? Na wa kule Ndau, wasio na binti wa kuwasomea?"

Ewe Mola! Sundus akafumba macho. Alitaka kusema kwamba amechoka, kwamba hizi ni hesabu tu, kwamba hakuna mama atakayeketi mbele ya kompyuta kumtafuta marehemu wake. Lakini mmoja alikuwa ameketi pale pale.

Akampigia Dakta Crispus.

"Kazi yangu ina kosa, Daktari. Kanuni ya majina si sahihi."

"Leo, Sundus? Kosa la kiasi gani?"

"Sijui bado. Mmoja ni kaka yangu."

Dakta Crispus akasema, kwa upole wa mtu asiye na la kufanya, kwamba bodi haimngojei mtu na kwamba hatahitimu mwaka huu. Sundus akasema anajua. Akakata simu, akaisogeza kando ile chai iliyopoa.

"Nitajie, mama," akasema. "Wote unaowakumbuka."

"Sasa hivi? Hutapumzika japo kidogo?"

"Nitajie."

Bi Radhiya akavuta mto, akaketi karibu naye. "Wa Bi Hadil aliitwa Taha. Na aliyemfuata, vilevile."

Sundus akaandika Taha. Akashuka mstari, akaandika Taha.