Mstari Uliofifia

Jumatatu asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani ya tumbaku, Levina alilitua tenga lake kwenye ncha ya tuta la kwanza, akasimama wima, akasema haingii.

"Huingii wapi?" akauliza mama mkwe wake, Adelina, aliyekwisha kujifunga gunia kiunoni.

"Shambani, mama. Nadhani nina mimba."

Wifi yake, Tekla, akaangua kicheko kilichowarusha kwale vichakani. "Wifi, hiyo ni tumbaku! Nani hapa Goweko hatapiki wiki ya kuchuma? Mimi juzi nilitapika mpaka mbwa akanihurumia. Basi nami nina mapacha!"

Tekla hakusema uongo. Majani mabichi yenye maji hupitisha ukali wake kwenye ngozi. Mtu akichuma tangu alfajiri, ikifika saa nne kichwa kinazunguka na tumbo linapanda kooni. Anapewa maziwa, analala, kesho anarudi. Ndiyo maana huko mwanamke anaweza kubeba mimba miezi miwili, watu wakaiita tumbaku. Levina aliyajua hayo kwa mwili wake. Mwaka jana, wiki kama hii, alitapika, akanyweshwa maziwa, akarudi kuchuma. Siku ya nne damu ikamtoka katikati ya matuta, nyingi, yenye mabonge. Wakasema siku zake zilichelewa tu. Hakuna aliyempa pole, kwa kuwa hakuna aliyekubali kwamba kulikuwa na kitu.

"Tumbaku inamtapisha anayeishika," akasema sasa. "Jana tulikuwa kanisani. Juzi nilikuwa kwetu Kigwa. Siku mbili sijashika jani, na leo nimetapika kabla sijafungua mlango."

"Majani ya chini yameiva," akasema Adelina. "Yasipoingia bani kukaushwa wiki hii yanaungulia juani. Mabibi zako walitoka huku na mizigo vichwani mpaka pwani, wengine wana mimba kubwa kama chungu, na hawakumwambia mtu kwamba hawaingii."

"Na waliozikwa njiani, mama, wao walisemaje?"

Tekla akaacha kucheka. Levina akageuka, akaenda zake.

Mchana huohuo alipita duka la dawa, akanunua kipimo. Kufika nyumbani, kwa haraka yake ya kutaka jibu, akanywa maji jagi zima ili mkojo upatikane, akachovya kijiti. Ukatokea mstari mmoja. Tekla, aliyekuja kuchukua maji ya kunywa ya shambani, akakiona juu ya dirisha.

"Kijiti kimekukana, wifi! Sisi tunatunga majani kwenye fito, wewe umetunga mimba mdomoni!"

Jioni mumewe, Damas, akakaa kwenye kigoda akichokoa gundi nyeusi ya tumbaku kwenye kucha. "Levina, kipimo kimesema hapana."

"Kimesema chenyewe. Mimi sijasema."

Jumanne alikwenda kwa nesi Advera, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ulipima saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Na maji ulikunywa?"

"Jagi."

"Ulipima maji, mwanangu, hukupima mkojo." Akatoa kipimo kingine, akamwonyesha tarehe ya kuisha iliyopigwa kwenye pakiti. "Siku zako zimepita wiki moja tu. Subiri mpaka Ijumaa. Ukiamka, mkojo wa kwanza kabisa, kwenye kikombe kikavu kisichokuwa na sabuni. Chovya, usivuke alama. Hesabu dakika tano kwa simu, soma, na mstari wa pili hata ukififia ni mstari, kisha tupa. Ukikisoma mchana kitakuwa kimeshakauka, kinaweza kukudanganya."

"Na kutapika?"

"Weka matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, karibu na mto wa kulalia. Kabla hujainuka kitandani tafuna vipande viwili, taratibu, ndipo ukae. Tumbo tupu ndilo linalokusumbua. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na maji kunywa kwa mafunda. Ukiona damu, au ukatapika hata maji hayakai, usingoje mtu akupe ruhusa, njoo."

"Na ya mwaka jana, ilikuwa ni majani?"

Advera akavua miwani. "Hilo sitakudanganya, silijui. Ninachojua ni kwamba mjamzito hachumi majani mabichi wala haingii kwenye moshi wa bani. Hata kabla hujapata jibu, jihesabu unayo."

Basi Levina akajihesabu anayo. Jumatano na Alhamisi alipika, akapeleka chakula mpaka ukingo wa shamba, akakitua hapo, hakukanyaga tuta. "Shikamoo, mama," alisema, na Adelina akaitupa marahaba yake upande wa matuta. Wapita njia waliuliza mke wa Damas anaumwa nini, na Tekla alijibu kwa sauti, "Anaumwa Ijumaa!"

Ijumaa alitafuna matobolwa, akakaa, tumbo likatulia. Akafanya kama alivyoelekezwa. Dakika ya tano ulikuwepo mstari mmoja mwekundu, na pembeni yake mwingine, mwembamba, umefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Akatoka nacho uani, walipokuwa wote watatu wakinywa uji.

Adelina akakishika mbali na macho, akakisogeza, akakizungusha. "Huu wa pili haujakolea."

"Upo, mama."

"Upo, lakini hafifu. Basi na mimba yenyewe bado hafifu. Mpaka ikolee unaweza kuchuma safu mbili tatu."

"Nesi amesema mstari uliofifia ni mstari. Hakuna mimba ya robo."

"Mama," akasema Damas, akiweka kikombe chini, "mwaka jana nilikuona wewe, ukiyafukia yale mabonge kwa jembe. Nikanyamaza. Leo sinyamazi. Haingii."

Adelina alikirudisha kijiti kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Pole, mwanangu," akasema, na wote wakajua ilikuwa ya lini. Kisha akajitwisha ukali wake tena, maana majani yalikuwa yanangoja. "Haya, Tekla, safu zake ni zako. Na mwakani je? Mwakani utakuwa na sababu gani?"

"Mwakani nitakuwa nimembeba mgongoni," akasema Levina, "na mtoto wa mgongoni naye haingii bani."