Mama Violet Kwenye Dansi la Chai

Mjinga wa siku ile alikuwa Eliudi, tusihangaike kumtafuta mwingine. Mwenyewe anakubali, tena kabla hujamaliza kumuuliza. Mtu amekaa Silver Spring, Marekani, miaka mitano, kazi yake kuegesha magari ya wageni wa hoteli mjini, hakuna gari la Mjerumani lililomshinda kuwasha, halafu anasoma tangazo la maneno mawili na kuyakosea yote mawili.

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo karibu na Dupont Circle: Tea Dance, Jumapili, saa kumi jioni. Chai na dansi. Eliudi alisimama pale akaona kabisa kwamba Mungu kamkumbuka.

Maana alikuwa na shida. Alitaka kumwoa Domina, na Domina alishakubali. Aliyebaki ni mama yake, Mama Violet, Mwanglikana wa Muheza, aliyeletwa Marekani na mwanawe Festus na sasa anakaa naye Herndon. Festus, mtu wa kompyuta, alishatamka kwamba mwegesha magari si mume, ni huduma. Mama hakusema ndiyo wala hapana.

"Mwambie anitoe Jumapili," alimwagiza Domina. "Nimtazame anavyokaa na watu. Jioni mtapata jibu langu. Ila baa sikanyagi."

Eliudi akapiga simu, sauti imejaa asali. "Ni dansi la chai, mama. Mchana kweupe. Nadhani ni watu wa kanisa, maana nimepita mlangoni nikaona wametundika bendera ya upinde wa mvua, kama ule wa Nuhu."

"Chai kavu haishuki," akasema Mama Violet. "Nitachoma vitumbua."

Basi Jumapili ikafika, wakashuka kwenye Corolla ya Eliudi: Domina na viatu vipya, Mama Violet na gauni la kitenge, kilemba kimesimama kama kofia ya askofu, mkononi hotpoti ya vitumbua iliyofunikwa kanga. Mlangoni alikaa mlinzi, pande la mtu, fulana yake imekatwa mikono na robo tatu ya tumbo.

"We have come for tea," Eliudi alimwambia, kwa heshima zote.

Yule mlinzi alimtazama. Kisha akatazama hotpoti. "Nyinyi ni watu wa wapi?" akauliza kwa Kiswahili.

"Tanzania! Na wewe?"

"Eldoret. Naitwa Kipkemboi. Buda, umesema mnataka nini?"

"Chai."

"Wacha! Mimi nilihepa Kenya juu ya polisi wa chai, sasa chai imenifuata mpaka huku?" Kipkemboi alicheka hadi kiti kikalia. Halafu akainama, akapunguza sauti. "Lakini, boss, unajua mahali unaingiza mathe?"

"Najua, nimesoma tangazo."

"Sawa. Kama umesoma." Akawagonga wote muhuri wa wino mkononi. Mama Violet alimshika shavu.

"Mwanangu, shati lako liko wapi? Utapata kichomi."

Ndani muziki ulikuwa unatikisa glasi. Watu wamejaa, wamependeza, wamenukia. Domina alitupa jicho huku na huku, akaziba mdomo na kiganja.

"Eliudi," akamnong'oneza, "hebu angalia vizuri. Unaona wanawake wangapi?"

"Labda wako jikoni, wanaandaa chai."

"Jikoni! Mpenzi wangu, Mungu akulinde."

Wanaume walikuwa wanacheza na wanaume, hilo Eliudi aliliona. Lakini kwao Singida kwenye dansi wanaume hucheza wenyewe kwa wenyewe mpaka vumbi linapaa, na rafiki akikushika mkono njia nzima hakuna anayegeuka kutazama. Alichoona ni ustaarabu. Akawa anatikisa kichwa kufuata ngoma, amefurahi, mpaka wazee wawili wa mvi, mmoja kavaa tai ya kipepeo, waliposimama mbele yake wakapigana busu. Busu lenyewe si la kupeana heri ya Krismasi. La watu waliolipiana kodi ya nyumba miaka thelathini.

Hapo tangazo likajisoma upya kichwani mwake, na safari hii likaeleweka. Jasho lilianzia kwenye masikio. Alichoona mbele si wale wazee tena, ni posa yake inaondoka, imebeba na mabegi.

"Mama," akasema, "twende. Mvua inakuja."

"Mvua gani, na upinde umeshatoka? Kaa, mwanangu. Chai yenyewe bado."

"Chai imekwisha, mama."

"Basi wape vitumbua wateremshie walichokunywa."

Eliudi alisimama mbele yake akatanua mabega, azuie macho ya mkwe yasifike mbali. Ni kama kuziba dirisha kwa kijiko. Nyuma yake alitokea mtu mrefu, gauni la vioo vioo, kope za kubandika, kidevu kimenyolewa asubuhi na kuanza kuota tena. Kwa bahati Kiswahili kina "yeye" moja tu, inamtosha kila mtu. Yeye huyo alikionyeshea kidole kilemba cha Mama Violet, akaweka mkono kifuani kama anayetaka kuzimia, akamwaga Kiingereza.

"Bibie anasemaje?" Mama Violet akauliza.

"Anasema hajaona kilemba kama hicho tangu azaliwe," Domina akamfasiria. "Anauliza kinafungwaje."

"Si aseme tu! Mwambie akae."

Mama akaivuta kanga iliyofunika hotpoti, akamkalisha bibie kwenye kiti kirefu, akamfunga kilemba cha arusi, pindo moja limelala, pindo moja limesimama. Watu wakapiga makofi. Wa pili akaja na skafu yake, wa tatu na kitambaa cha meza. Vitumbua vikazunguka ukumbi. Yule mzee wa tai alikula, akafumba macho, akaomba kingine cha mwenzake. Mara ngoma ikabadilika, na Mama Violet akaingia katikati, mikono kiunoni, akawaonyesha ya Muheza inavyochezwa bila miguu kuondoka chini. Duara likamzunguka. Walikuwa wanamfuatisha, viuno vigumu kama milango, naye anawasahihisha mmoja mmoja.

Eliudi alikaa pembeni, kichwa mikononi.

Wakati wa kutoka Kipkemboi alimsogelea mama mlangoni. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Mathe, watu wetu huko kanisani Silver Spring hawajui niko hapa. Tafadhali."

"Nikaseme nini? Kwamba mtoto wa watu anafanya kazi Jumapili bila shati?" Akamsukumia mkononi kitumbua cha mwisho. "Kula, umekonda."

Wakarudi Herndon. Domina alicheka kuanzia daraja la Potomac mpaka mlangoni kwa Festus.

Festus alifungua, akamtazama mama yake: kilemba kimelala upande, shavuni chengachenga zinametameta, mkononi muhuri wa wino wenye jina la ukumbi. Akausoma muhuri. Akausoma tena, karibu na taa.

"Eliudi! Umempeleka mama yangu hapa?"

"Shemeji, tangazo lilisema chai..."

"Ofisini kila mtu anapajua! Nimeshasema mtu huyu hana akili, Domina, nimeshasema!"

"Kosa ni langu," Eliudi akasema, macho kwenye zulia. "Mama, unisamehe. Sikujua. Jibu lako nitalipokea, hata likiwa hapana."

"Litakuwa hapana!" Festus akadakia. "Mama, hujui ulikokuwa. Huyu kakupotosha. Ile ni baa, tena ni baa ya mashoga! Umeshinda jioni nzima na mashoga!"

Mama Violet alivua viatu polepole, akakaa, akanyoosha miguu.

"Muheza niliacha mashoga mtaa mzima, Festus, nikaja hapa ukanikalisha na televisheni mwaka mzima. Leo mkwe wangu kanipatia mashoga ukumbi tele, nawe unanigombeza?"